Kabla Tangazo la Jeshi Halijatoka: Mazoezi ya Wiki 16 kwa Kijana wa Lamu

Mpwa wangu hubeba mawe. Jahazi likitia nanga na mawe ya kujengea, yeye na wenzake huyateremsha begani hadi nchi kavu, jua likiwa la utosi, na jioni bado wana nguvu ya kwenda kucheza mpira. Kwa hivyo aliposema anakwenda kujaribu jeshi hakuna aliyemtilia shaka, hata mimi. Siku ya usajili mzunguko wa kwanza aliuongoza yeye. Wa pili akaanza kuchechemea. Wa tatu akakaa chini, ameshika miundi yake kwa mikono miwili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilipomuuliza alikuwa amekimbia mara ngapi kabla ya siku ile, akanijibu, "Mara tatu, mjomba. Tangu tangazo litoke."

Hapo ndipo vijana wetu wengi hupotea. Nguvu tunazo. Bega la mvuvi na mkono wa mkwezi havina haja ya kufundishwa kazi. Tusichokuwa nacho ni miguu iliyozoea kupiga ardhi ngumu siku baada ya siku, na miguu haizoei kwa haraka. Pumzi hupanuka ndani ya wiki chache, misuli nayo haichelewi sana, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Ukianza siku ya tangazo, pumzi itakwambia twende huku mfupa ukisema bado, na mfupa ndio utakaoshinda. Tangazo likitoka hubaki wiki chache tu. Anza sasa, ukiwa huna haraka.

Jua unakokwenda

Matangazo ya KDF, jeshi la ulinzi la Kenya, ya miaka ya karibuni yametaka kurutu awe na umri wa miaka 18 hadi 26, kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Masharti ya masomo yasome kwenye tangazo la mwaka wako mwenyewe, usisimuliwe barazani. Ukichukuliwa utapelekwa Eldoret, kwenye chuo cha makurutu, kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko yetu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na alfajiri yake haina uhusiano wowote na alfajiri ya Shela hapa Lamu.

Wapo wanaoniambia hawataki jeshi la kawaida, wao wanataka vikosi maalumu au askari wa miavuli. Vizuri, lakini njia ni hiyo hiyo: vikosi hivyo huchagua watu walio jeshini tayari, kwa hivyo ukurutu ni mlango wa wote. Ukitaka kuonja kipimo cha walio juu, tazama makomando wa majini wa Uingereza, ambao kurutu wao hufundishwa kwa wiki 36. Karibu na mwisho hutakiwa kwenda maili 9, yaani kilomita 14.5, kwa dakika 90 wakiwa na mzigo wa kilo 9 na nusu pamoja na bunduki. Mtihani wa mwisho ni maili 30, karibu kilomita 48, kwenye nyanda za Dartmoor, kwa saa nane. Hebu fikiria: ule wa kwanza ni mwendo wa dakika sita na kidogo kwa kila kilomita. Si mbio za kutisha. Kinachoua ni mzigo, umbali, na kuwa jana yake ulifanya jambo jingine gumu na kesho liko jingine. Hicho ndicho tunachokiandaa hapa: mwili unaoamka kesho ukafanya tena.

Daktari kwanza, mbio baadaye

Usipuuze hatua hii, maana ndiyo rahisi na ndiyo inayorudisha wengi nyumbani. Nenda ukapimwe presha, macho, masikio na meno, na umwambie daktari akuangalie kama una ngiri na nyayo zako zikoje. Jino lililooza huzibwa leo, miezi minne kabla. Siku ya usajili halizibwi. Mpwa wangu, pamoja na miundi yake, alikuwa na jino la nyuma lililotoboka mpaka ulimi unaingia, na alikuwa akilituliza kwa karafuu mwaka mzima. Jipime na uzito kwenye duka la dawa. Kama umepungukiwa na kilo tatu, hilo ni jambo la miezi, si la kunywa maji mengi asubuhi ya kupimwa.

Wiki ya 1 hadi ya 4: polepole mpaka uone haya

Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Wiki ya kwanza tembea dakika tano kwa haraka, kimbia dakika tatu, tembea mbili, rudia mara sita. Mwendo wako uwe ule ambao waweza kumsimulia mwenzio mechi ya jana bila kukata sentensi. Ukishindwa kusema, umezidisha. Vijana huona haya kukimbia hivi, hasa wakipita mbele ya watu kwenye ukuta wa pwani. Vumilia. Kila wiki ongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya ulichofanya wiki iliyopita, na wiki ya nne badala ya kuongeza punguza, mwili ujijenge. Ukimaliza mwezi uweze kukimbia dakika 25 mfululizo bila kusimama.

Wapi? Sisi hatuna uwanja wa riadha, tuna bahari. Njia ya kutoka mjini hadi Shela ni nzuri kwa kupasha mwili, ila mapema, kabla punda hawajajaa. Ukikutana na punda mwenye mzigo, mpishe wewe. Baada ya Shela pwani inafunguka kilomita kwa kilomita, na hapo ujue maji. Maji yakipwa, mchanga ulio karibu na bahari unakuwa mgumu kama sakafu. Yakijaa unabanwa juu kwenye mchanga tifutifu, na huko kutembea tu hula nguvu mara mbili na zaidi ya ardhi ngumu. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo ukikimbia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kwenye kupwa, Alhamisi kupwa hiyo hiyo iko karibu saa mbili na nusu. Muulize mvuvi yeyote, atakupangia ratiba ya mwezi mzima bila karatasi. Siku za bamvua pwani huwa pana zaidi.

Jambo moja: mchanga mgumu una mwinamo kuelekea baharini. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja unakuwa mrefu na mwingine mfupi, na nyonga italalamika. Nenda nusu, rudi nusu.

Lakini mchanga peke yake hautoshi, na hili nililichelewa kulielewa. Mchanga husamehe, lami haisamehi. Kuanzia wiki ya tano, mara moja kwa wiki, vuka hadi Mokowe, upande wa bara, ukakimbie kwenye lami, dakika 15 mwanzo, kisha 20, kisha 30. Usiende mbali na Mokowe na usikimbie gizani. Barabara ile ina historia yake ya mashambulizi, huna haja ya kukumbushwa.

Pushapu, kujivuta na tumbo

Kosa la barazani ni kushindana. Mtu anapiga pushapu mpaka mikono itetemeke, kisha siku nne hawezi kuinua kikombe. Fanya hivi: jua kiwango chako cha mwisho, kisha fanya nusu yake, mara tano, na kupumzika dakika mbili katikati. Kama mwisho wako ni 20, piga 10 mara tano, siku tatu kwa wiki. Jipime upya baada ya kila wiki tatu. Na pushapu iwe pushapu: kifua kinakaribia ardhi, kiuno hakiningʼinii kama wavu, mikono inanyooka juu. Sita safi hushinda 20 za kuiba, na mkufunzi anayehesabu hatazihesabu zile za kuiba.

Kujivuta juu kwa mikono kwenye chuma ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa mwili haujawahi kuombwa. Kama huwezi hata mara moja, panda juu kwa kiti, kidevu kiwe juu ya chuma, kisha jishushe polepole kwa hesabu ya tano. Mara tatu au nne hivyo, pumzika, rudia. Ndani ya wiki sita utapata ya kwanza yako. Huna chuma? Tawi la mwembe halina kodi. Na kama una rafiki baharia, muombe kamba nene ya jahazi uifunge juu uipande, maana makurutu hupanda kamba, na ngozi ya kiganja nayo hufundishwa.

Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi za nyumba za ghorofa (za Lamu ni mwinuko hasa), na kujikaza kama ubao juu ya viwiko na ncha za vidole vya miguu, sekunde 30 ukipanda hadi dakika mbili. Kwa kuanzia, shabaha yangu kwa kijana ni pushapu safi 40, kujivuta mara 8, na kilomita 5 chini ya dakika 25. Msichana ajipangie kwa kiwango chake na aongeze kila wiki tatu. Nimewaona wasichana wawili wa mtaani kwetu wakiwaacha wavulana kwenye mchanga wa Shela, na hadi leo wavulana wanasema ilikuwa jua.

Mzigo

Anza wiki ya sita, si kabla. Chukua shanta imara, ya mitumba yatosha, ujaze chupa za maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo huhitaji mizani, na goti likikuuma njiani unamwaga maji na kurudi nyumbani mwepesi. Mawe hayamwagiki hivyo. Anza na kilo 5 kwa saa moja. Kila wiki ongeza ama kilo ama umbali, usiongeze vyote viwili pamoja. Wiki ya 14 uwe na kilo 15 kwa saa mbili na nusu. Mzigo uwe juu, karibu na mabega na umebana mgongoni. Chupa zikicheza ndani zifunge kwa kikoi cha zamani.

Usikimbie na mzigo. Najua umeona kwenye video wakikimbia. Wao wanafanya chini ya mkufunzi baada ya miezi, wewe uko peke yako na miundi yako miwili tu. Tembea kwa hatua fupi za haraka. Mara moja kwa wiki inatosha.

Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo mlima wetu. Kuanzia wiki ya tisa, bila mzigo, panda kwa nguvu kwa sekunde 30 hadi 40, shuka ukitembea, mara sita mwanzo, mara kumi baadaye. Hakuna zoezi la usawa wa bahari litakalokupa hewa ya Eldoret, lakini hili litaupa moyo wako nafasi ya akiba. Tumieni njia moja tu na msiache takataka: chini ya vilima vile ndiko kuliko maji matamu ya mji.

Nyayo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ilipo siri yenyewe. Mtazame kijana wa Lamu miguuni. Amekulia kwenye kandambili. Vidole vimetanuka, ngozi ya unyayo ni ngumu, na kisigino kina magaga unayoweza kuficha shilingi ndani. Mguu huo ni mzuri kwa mashua. Utie ndani ya buti kwa saa tatu, nyuzijoto 30, na jioni utavua soksi pamoja na ngozi.

Kwa hivyo ufundishe mguu kuvaa. Tafuta buti za kawaida za kazi au za kupandia milima, nusu kipimo zaidi ya kiatu chako, kwa kuwa mguu huvimba. Usinunue buti wala nguo za madoadoa za jeshi. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa la sheria, na kuanza safari ya jeshi kituo cha polisi si mwanzo mzuri. Wiki ya kwanza vaa nyumbani kwa muda wa saa moja jioni. Ya pili nenda nazo sokoni, wacha wakucheke. Ya tatu tembea nazo kilomita tatu. Ndipo ufikirie mzigo.

Magaga yashughulikie mwezi mzima kabla: loweka miguu kwa maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe, paka mafuta ya nazi au vaselini, lala na soksi. Kucha zikate moja kwa moja, usizungushe pembeni. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba. Na ukihisi mahali panachoma, simama hapo hapo. Si baada ya kona ile, sasa. Vua, kausha, bandika plasta, vaa tena. Dakika nne. Lengelenge likishatokea na ni dogo, liache na ngozi yake, lifunike. Mpwa wangu alilichana lake kwa wembe wa babake, akakaa siku tisa bila kiatu.

Bahari

Wengi wetu tunajua kuogelea tangu kabla ya kusoma, na anayeota kuwa mwanamaji katika kambi ya Mtongwe au Manda asijivunie hilo sana. Jaribu kuogelea mita 200 bila kusimama, kisha elea dakika kumi ukiwa na suruali na shati. Ni jambo jingine kabisa. Fanya mara moja kwa wiki kama siku ya kupumzisha miguu, mahali maji hayaendi kasi, na mwenzako akiwa anakutazama. Kusi likivuma, acha.

Chakula, usingizi na majani

Huhitaji unga wa misuli kutoka dukani. Nchi hii ina samaki. Kula samaki au maharagwe au mbaazi kila siku, mayai ukiyapata, wali au muhogo au viazi vitamu kwa nguvu, na matunda. Mwenye kutafuta kilo aongeze uji mzito asubuhi, tende, korosho na tui la nazi. Mahamri mawili na mbaazi kabla ya mzigo mrefu hayana ubaya wowote, usisikilize watu wa mtandaoni. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Kwa mazoezi marefu kwenye jua weka chumvi kidogo na ndimu, maana kunywa maji matupu mengi kupita kiasi nako kuna hatari yake.

Miraa na muguka: hupunguza hamu ya kula na hufukuza usingizi, na mwili hujengwa usingizini. Mtu anayetafuna mpaka saa nane za usiku hawezi kuongeza uzito wala kasi. Siwezi kulizungusha hili. Sigara vivyo hivyo.

Ramadhani ikikuangukia katikati, usiache wala usijifanye shujaa. Kimbia taratibu nusu saa kabla ya futari, au fanya pushapu baada ya tarawehe. Mzigo mrefu uahirishe mpaka baada ya Idi. Utapoteza kidogo, utairudisha ndani ya wiki mbili.

Mambo matatu ya kusimamisha mazoezi

Maumivu yanayotanda urefu wa muundi mara nyingi hupoa ukipunguza mwendo wiki moja au mbili. Lakini maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kila ukikimbia na kukuuma hata kitandani, huenda ni ufa wa mfupa. Acha kukimbia, nenda hospitali.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, baada ya zoezi kali, na misuli imevimba, ni dharura. Misuli inavunjika na figo zinabeba taka yake. Usingoje asubuhi.

Na mwenzako akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka kwenye joto, hata kama bado anatoka jasho, mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima au mtieni baharini mkimshikilia kichwa, kisha hospitali. Kupoza kwanza, kubeba baadaye.

Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Wiki ya 15 punguza kwa nusu. Ya 16 kimbia mara mbili tu, fupi. Hutaongeza chochote siku hizi, utajichosha bure. Zoea kuamka saa kumi na nusu, kabla ya adhana, na kutandika kitanda, kufua na kupiga pasi mwenyewe. Kuna vijana wanaoweza kukimbia kilomita 15 lakini hawajawahi kufua soksi.

Kitambulisho na vyeti halisi, pamoja na nakala, vitie kwenye faili ya plastiki inayofungika. Umetoka Kiunga au Faza kwa boti, na rasharasha haijui cheti. Vaa kaptura na raba ulizozoea, si mpya. Kula ukiwa na muda wa saa mbili kabla ya mbio. Kipenga kikilia, waache wale wa mbele waende. Mzunguko wa kwanza uwe ndio wako wa polepole kuliko yote.

Usajili ni bure. Atakayekuja usiku kwa mamako na habari za kiti kilichobaki, hata akiwa na jina kubwa, mfungulieni mlango atoke. Wapo waliofika Eldoret na barua za bandia walizouziwa, wakakamatwa langoni.

Ukirudishwa, uliza ni kwa nini hasa: ni kilo, ni jino, ni dakika? Andika siku hiyo hiyo, maana kufika wiki ijayo utakuwa umeshajiambia ni upendeleo. Mpwa wangu aliandika mawili nyuma ya nakala ya cheti chake: "miundi" na "jino". Jumatatu iliyofuata alikuwa kwa daktari wa meno, na Jumanne maji yalipokupwa tulikuwa Shela sote wawili, tukitembea dakika tano, tukikimbia tatu.